Presha Pleti Isiyo na Pete

Kwa miaka thelathini na moja Domitila Xicale aliuza vipuri vya vocho, vile vigari vyenye mgongo wa kobe, katika duka moja mjini Puebla, Meksiko. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumheshimu mwanamume aliyeegemea kaunta yake na kusema, "Vocho ni vocho tu." Marehemu mumewe alikuwa mmoja wao. Duka lilikuwa lake kwa jina, lakini hakuweza kutofautisha beringi na donati, na alipofariki hakuna mteja aliyekosa kipuri.

Jumanne moja aliingia Injinia Baltasar Olmedo, mwenyekiti wa chama cha wenye vocho, beji zimemjaa kifuani kama jenerali ambaye hajawahi kupigana. Gari lake la mwaka sitini na saba alikuwa amelitoa injini ya zamani na kulifunga kubwa, ya miaka ya tisini.

"Nipe presha pleti ya klachi ya injini mpya, Doña Domi."

"Giaboksi umebadilisha?"

"Ya nini? Ni ileile."

"Basi haikufai. Giaboksi yako haina bomba la kuongoza beringi, beringi inaning'inia kwenye uma tu. Inataka presha pleti yenye pete katikati, ipate pa kukandamiza. Chukua hii: upana wa injini mpya, pete ya kizamani."

Olmedo akawageukia wenzake wawili mlangoni. "Mnasikia? Nafundishwa klachi! Mama, mimi nina shahada. Wewe uza."

"Shahada ya nini?"

"Ya ujenzi."

"Kumbe! Basi kaifunge kwa saruji."

Akamuuzia alichotaka. Hakuona sababu ya kumbembeleza mtu mzima.

Wiki tatu baadaye chama kilifanya msafara hadi mji jirani wa Cholula, vocho arobaini, Olmedo mbele. Domitila alikuwa huko kwa dada yake, anakula cemita, mkate uliojazwa nyama, barazani, aliposikia mlio kama wa sufuria inayokwanguliwa. Kwenye kona ya kupanda, gari la mwenyekiti likagoma kuingia gia. Nyuma yake honi thelathini na tisa zikalia.

Akashuka na cemita yake mkononi. Olmedo alikuwa amepiga magoti, suruali nyeupe imechafuka.

"Beringi imetafuna vidole vya presha pleti," Domitila alisema.

"Kipuri kibovu. Siku hizi wanatengeneza takataka."

"Kipuri kilikuwa kizima. Kibovu ni kichwa."

Watu wakacheka. Olmedo akashusha sauti. "Ile yenye pete bado unayo?"

"Ninayo. Duka linafunguliwa kesho saa tatu."

Hakuja. Alimtuma fundi, ambaye aliona haya hata kumtazama Domitila usoni. "Injinia anasema amegundua mwenyewe kwamba inatakiwa yenye pete."

"Mpe hongera," alisema Domitila, akamfungia mzigo.

Desemba, kwenye chakula cha mchana cha chama, Olmedo alisimama kutoa mhadhara juu ya kuchanganya klachi za injini mbalimbali. Domitila alikaribishwa meza ya nyuma, karibu na choo. Mwenyekiti alitaja upana wa klachi ya zamani kuwa wa klachi mpya, na wa mpya kuwa wa zamani. Wote wakaandika.

"Si kakosea?" jirani yake alimnong'oneza. "Hutamsahihisha?"

"Nimsahihishe nani?" Akavaa koti lake, akatoka kabla keki haijakatwa, huku ukumbi mzima unampigia mwenyekiti makofi.