Upawa wa Chuma Ufukweni Tchomia

Nichekeni tu, nimestahili. Tulipokimbia vita, pete ya mke wangu ilidondoka mchangani Tchomia, kando ya ziwa. Juzi, vita vilipotulia kidogo, tulitoka Bunia kwenda kuitafuta, na mashine ya shemeji yangu, mchimba dhahabu. Hulia ikikaribia dhahabu au chuma chochote. Shemeji alinisihi ninunue upawa wa plastiki wa kuchotea mchanga. Mimi, mjuaji, nikachagua wa chuma.

Ufukweni nilishika mashine mkono mmoja, upawa mkono mwingine, nayo ikalia kila nilipokanyaga. Nikadhani ni mabomu yaliyofukiwa wakati wa vita, nikapiga kelele:

"Bombe! Bombe kila mahali!"

Wamama wakaacha samaki, wakakimbia. Askari akaninyooshea bunduki.

"Weye! Tupa hiyo kitu iko mu mukono!"

Nikautupa upawa mbali. Mashine ikanyamaza.

Mke wangu akachungulia nyuma ya mtumbwi.

"Papa Neema, sasa bombe iko wapi?"