Kichupa Alichokigonga Kiganjani

Wenzake kazini walimwita Mama Povu, kwa sababu mikono yake haikukauka. Aliosha vyombo vya maabara: chupa, mirija na sahani za kioo, kila kimoja kwa sabuni kisha kwa maji mara saba. Alikuwa mwangalifu mno, na siku ile uangalifu ndio uliomponza.

Saa tatu asubuhi mleta mizigo alifika na boksi jeupe. Daktari, mtafiti mwenye maabara, alikuwa mkutanoni, na fundi wake alikuwa stoo. Mama Povu alijua hilo ndilo boksi lililosubiriwa miezi mitatu. Akalifungua kabla ya kutia sahihi, maana anayetia sahihi ndiye atakayeulizwa. Ndani, katikati ya barafu, mlikuwa na kichupa kidogo kama ncha ya kidole. Akakiinua kwenye mwanga: kitupu. Akafungua kifuniko, akakipindua, akakigonga kiganjani mara mbili. Hakikudondoka kitu.

"Mmetuletea hewa," akamwambia mleta mizigo.

"Mimi nabeba boksi, mama. Tumbo lake silijui."

Akatia sahihi shingo upande, akafuta kiganja kwenye aproni, akakifunga kichupa na kukiweka kwenye friza.

Daktari aliporudi, Mama Povu alikuwa tayari kumweleza kwamba wameibiwa. Lakini alimkuta akimwelekeza fundi. Kichupani, alisema Daktari, mna protini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria. Si dawa, ni ya utafiti tu. Mwilini kuna vimeng'enya vinavyokata protini kama mkasi, na hii kazi yake ni kuubana mkasi huo usikate. Ni unga kidogo mno, kiasi kwamba jicho haliuoni, nao hujishika popote, hata kwenye kifuniko. Kwa hiyo kichupa kisifunguliwe kabla ya kuzungushwa kwenye mashine ili unga ushuke chini.

Mama Povu akarudi kwenye sinki, akaosha chupa moja mpaka akapoteza hesabu. Akatazama kiganja, akatazama aproni. Mtoto wake wa miezi minane alikuwa nyumbani kwa mama mkwe, na kazi hii aliipata kwa mbinde. Nani angejua? Lakini Daktari akihangaika wiki nzima na kichupa cha hewa, atajilaumu mwenyewe, na yeye atakuwa hapo hapo pembeni, anamwoshea vyombo. Akajifuta mikono.

"Daktari, kile kichupa nilikifungua mimi. Nikakigonga."

Nyuma yake beseni likafurika chini ya bomba aliloliacha wazi. Fundi ndiye aliyelifunga bomba.

"Shukuru hukukiosha," fundi akasema.

"Nilitaka."

Daktari hakucheka. Akakizungusha kichupa kwenye mashine, akadondoshea maji yake maalumu. Kisha akatoa sahani yenye maziwa yaliyogandishwa kama jeli, akatoboa vishimo viwili. Cha kushoto akakitia kimeng'enya peke yake, cha kulia kimeng'enya na maji ya kile kichupa. Kimeng'enya hukata protini ya maziwa, alisema; kama unga upo, maziwa ya kulia yatabaki meupe. Kama haupo, yataliwa pande zote mbili. Sahani ikaingia kwenye kabati lenye joto la mwili.

Kwa muda wa saa nne Mama Povu hakutulia. Akafagia palipofagiwa. Maziwa yakamjaa kifuani mpaka blauzi ikalowa, ikawa saa ya kunyonyesha, ikapita. Mara mbili fundi alimkuta ameshika mlango wa kabati, akamuuliza kama bado hajakoma kufungua vitu.

Saa kumi sahani ikawekwa juu ya meza nyeusi. Kushoto maziwa yalikuwa yameliwa duara zima; meza ilionekana. Kulia palibaki peupe, ila kuzunguka kishimo palikuwa na mstari ulioliwa, mwembamba kama ukingo wa kucha.

"Upo," Daktari akasema. "Umepungua kidogo, lakini upo." Akaandika daftarini kwamba kichupa kilifunguliwa saa tatu, kikagongwa. Kisha akamwambia Mama Povu aje kesho mapema, amfundishe kupokea mizigo.

Mama Povu akaenda nyumbani mbio mbio, aproni ameiviringisha kwenye mfuko, hajui aifue au asiifue. Mtoto alikuwa analia. Akapitiliza kwenye ndoo, akaanza kunawa.

"Mwenzio ana njaa," mama mkwe akasema, "unanawa mara ngapi?"

"Ya saba hii, mama. Mlete."