Nilivyomnyamazisha mwanamke wa ndani ya gari la Mzee Guled

Wakuu, salaam kwenu wote, hata nyinyi mnaosoma kimya kimya bila kuacha komenti.

Juzi nimeona uzi humu, jamaa analalamika kuwa gari lake jipya akishalizima na kutoa ufunguo, feni inaendelea kuzunguka na kuna kitu kinalia tik tik ndani ya dashibodi. Watu wakamcheka sana.

Mimi sikucheka. Niliweka simu chini nikakaa kitandani karibu nusu saa.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu. Nimebadilisha majina tu. Na kuna kipande humu ambacho sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu.

Mimi ni mtu wa Mwingi. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa Garissa, fundi wa umeme wa magari. Aliyenipokea mjini ni Mzee Guled, Msomali mwenye malori mawili. Alinipa chumba kwenye boma lake, na kazi yake yote ya waya ikawa yangu. Nilikula kwake kama mtoto wa nyumbani.

Magari tuliyoyajua wakati ule yalikuwa malori na Land Rover kuukuu. Ukizima, limezima. Linakuwa kama jiwe.

Na kule kaskazini kulikuwa na desturi. Betri ilikuwa kitu adimu, kwa hiyo kila lori nililolifunga waya niliwekea swichi kuu chini ya kiti cha dereva. Dereva anaikata, anashuka, haangalii nyuma. Taa, redio, kila kitu kinakufa pamoja. Mkono wa Mzee ulikuwa umezoea hivyo miaka mingi.

Desturi ya pili ni vumbi. Malori yalitembea kwa msafara na askari kwa sababu ya majambazi, na vumbi la mbele lilikuwa linafunika la nyuma kabisa. Kwa hiyo mchana kweupe watu waliwasha taa kubwa.

Shikeni hayo mawili, tutayahitaji.

Basi mwanawe Mzee aliyekuwa Dubai akamletea baba yake gari. Station wagon nyeupe, automatic, imetoka Japani ikapitia Dubai. Mtaa mzima ulikuja kuiona.

Siku ya kwanza Mzee akazima, akatoa ufunguo, akashuka.

Feni ikaendelea kuzunguka mbele.

Antena ikashuka yenyewe, polepole, ikajificha. Taa ndogo nyekundu ikaanza kupepesa kwenye dashibodi. Halafu, mlango ukiwa bado wazi, sauti ya mwanamke ikasema kitu kutoka ndani ya gari. Sauti laini, ya adabu, kama ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa. Lugha hakuna aliyeijua.

Wanawake waliokuwa wakichota maji bomani waliacha mitungi pale pale.

Mzee alinijia gereji mwenyewe. "Waryaa fundi," akaniambia, "hii gari nimezima. Ufunguo iko mfukoni. Sasa nani iko ndani naongea?"

Nikamcheka kidogo, Mungu anisamehe. Nikamwambia ni mitambo tu.

Leo kila fundi anajua. Gari la kisasa likizimwa halilali papo hapo. Saa inakula umeme, alarm inakula, redio inashikilia stesheni zake, control unit, yaani ubongo wa gari, inakaa macho, na feni inapoza injini hata kama wewe umeshaondoka. Ni kidogo kidogo, lakini betri haipumziki. Wakati ule mimi nilikuwa nakisia tu, sema nilijifanya najua.

Yule mwanamke aliongea mara nyingi. Mlango usipofungwa vizuri, anasema. Handbreki, anasema. Mara nyingine anasema mwenyewe saa saba mchana, mji wote umelala kwa joto, gari liko peke yake kwenye jua. Niliwahi kumsikia hivyo nikiwa natoka chooni. Nilisimama na birika mkononi, nywele zimenisimama, nikamsikiliza akirudia maneno yale yale kwa upole ule ule. Baadaye nikaona mlango wa nyuma haukuwa umejibana. Nikaufunga, akanyamaza.

Lakini mimi mwenyewe, fundi, nilirudi chumbani mbio.

Mzee aliswali ndani ya gari. Akaweka kaseti ya Kurani. Haikusaidia. Mama wa maziwa ya ngamia akaacha kuleta maziwa, anaishia barabarani na kuita. Mwisho Mzee, ambaye p kwake hutoka b, akasema, "Fundi, toa hii mwanamke. Bole bole, lakini toa. Mimi habana weza."

Akaniomba pia nimfungie swichi kuu kama ya lori. Hapo kiburi kikanipanda. Nikamwambia, Mzee, hili ni la kisasa, linajizima lenyewe, ukitoboa toboa utaliharibu.

Nikalala chini ya dashibodi nikatafuta. Nikakipata kisanduku cheusi, na waya mbili zinazoenda kwenye spika ndogo. Nikakata, nikafunga tepu. Nikafungua mlango, nikawasha taa, nikagusa kila kitu. Kimya.

Ila nikiweka sikio karibu na kisanduku, kilikuwa kinatoa mlio mdogo sana, tik... tik... Yaani kilikuwa bado kinaongea, ila kimekosa mdomo. Jambo hilo halikunipendeza, nikarudishia kifuniko haraka.

Mzee alifurahi kupita kiasi. Alinichinjia mbuzi.

Sasa sikilizeni kilichotokea, na hapa naomba msinikatishe.

Mama yake Mzee Guled alikuwa Habaswein, mzee sana. Kati yao kulikuwa na jambo. Zamani, mama akiwa safarini, Guled aliuza ngamia majike wa mama yake bila kumuuliza, akanunulia lori la kwanza. Mama hakumlaani. Alisema tu kwamba siku Guled atakapokuja kukaa mbele yake na kuomba radhi kwa mdomo wake, atampa. Guled alikwenda mara nyingi na sukari na nguo. Kuomba hakuomba. Aliona haya.

Asubuhi moja ikaja habari kwa redio call: mama amezidiwa, anakuita, fika leo.

Mzee akanijia na ufunguo mkononi. Akaniambia, "Fundi, twende na wewe. Gari ikisumbua wewe iko." Akashika usukani mwenyewe. Njia nzima alikuwa anajisemea kwa Kisomali, kama mtu anayejifunza shairi. Nilimuuliza. Akasema, "Nabanga maneno ya kuomba radhi. Miaka yote sikubata maneno. Leo nimebata."

Tulikwenda na msafara hadi Modogashe, taa zimewashwa kwa ajili ya vumbi. Pale malori yakapumzika. Mzee akakataa kusubiri. Tukatangulia peke yetu.

Mbele kidogo mchanga ukawa mzito na mshale wa joto ukapanda. Ikawa ndiyo saa ya Adhuhuri. Mzee akasimamisha gari karibu na mgunga mmoja wenye kivuli chembamba, injini ipoe na yeye aswali.

Akazima. Akatoa ufunguo. Akafungua mlango.

Halafu akatulia, mguu mmoja nje, kichwa kimeinama upande.

"Kuna mtu anasema?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna, Mzee. Nilimkata.

Akasubiri kidogo tena. Kisha akashuka akaenda kutawadha.

Feni ilikuwa inazunguka. Tambarare yote ilikuwa kimya, hakuna ndege, hakuna mbuzi, joto linacheza juu ya ardhi mpaka miti ya mbali ilionekana imesimama ndani ya maji. Na gari lililozimwa linavuma katikati ya kimya kile. Nikahisi kama tumeacha mtu ndani. Nikahamia nyuma ya gari, kwenye kivuli chake, nisiitazame dashibodi.

Mzee aliswali. Akaomba dua ndefu. Hakuwa amelala usiku uliopita, akajiegemeza kwenye mti, macho yakamshinda. Nikamwonea huruma. Nikasema rejeta ipoe vizuri, dakika chache tu. Na mimi nikasinzia.

Nilipoamka kivuli kilikuwa kimehama kabisa. Feni imenyamaza.

Mzee akakimbilia usukani. Akageuza ufunguo. Tak. Akageuza tena. Hata tak haikuwepo.

Akashuka akaenda kusukuma, maskini, kwa mikono yake miwili, kama lori. Nikamwambia automatic haiwashwi kwa kusukuma. Hakunisikia. Alisukuma mpaka kofia ikaanguka.

Nikaingiza kichwa ndani. Na hapo, wakuu, ndipo kipande nisichowahi kukisema.

Swichi ya taa kubwa ilikuwa imewashwa. Tangu msafarani. Mkono wa Mzee ulitoa ufunguo ukaamini kila kitu kimekufa, kama lorini. Jua lilikuwa kali, mimi nyuma ya gari, hakuna aliyeziona.

Nikanyoosha kidole. Nikaizima swichi, taratibu, yeye akiwa nyuma anasukuma.

Halafu nikasema, "Betri imekufa, Mzee. Ni hili joto."

Kwa nini? Kwa sababu ni mimi niliyekataa kumwekea swichi. Niliogopa kuonekana si fundi. Basi.

Malori yalitufikia baada ya Alasiri. Tukaazima betri moja ya lori, tukaunganisha waya, na gari likaamka lote kwa mpigo: loki za milango zikajifunga kwa kishindo, antena ikapanda, saa ikaanza kupepesa upya. Turnboy, yule utingo wa lori, aliruka nyuma akimtaja Mungu.

Habaswein tuliingia jua linazama. Tukakutana na wanaume wanarudi kwa miguu, wametulia, mikono yao ina udongo hadi kwenye viwiko. Mzee akasimamisha gari katikati ya barabara. Aliitazama ile mikono tu.

Mama alifariki karibu na Alasiri. Walisema aliuliza mara tatu, Guled amefika? Mara ya tatu akasema basi, akageuzia uso ukutani.

Mzee hakulia mbele za watu. Alikaa kwenye mkeka wa mama yake, akayasema yale maneno aliyoyapanga njiani, yote, mbele ya mkeka mtupu. Mimi nilikuwa mlangoni. Sikuelewa hata moja, lakini niliumia.

Alipotoka akaniambia, "Gari ilikuwa mzima, fundi. Wewe unajua. Mama ndio nazima. Hakutaka kuniona."

Nilitakiwa kusema pale pale. Ulimi ulikuwepo. Nikamwambia pole, Mzee.

Lile gari hakulipanda tena. Likakaa bomani mpaka mtu mmoja akalichukua kulipeleka Mandera.

Mimi baadaye nilihamia Mombasa, na huko nikafanya kazi na fundi aliyezoea magari ya Japani. Siku moja station wagon kama ile ile ikaingia gereji. Dereva akazima, akafungua mlango, na nikaisikia ile sauti. Laini vile vile. Nikamuuliza yule fundi, huyu mama anasema nini? Akajibu bila kuinua kichwa: "Anakumbusha. Anasema umeacha taa."

Niliacha kazi siku ile, wakuu, nikaenda zangu nyumbani. Sioni aibu kusema.

Hatukuwa na jini. Tulikuwa na mtu mmoja tu ndani ya gari lile aliyekuwa anatutakia mema, na mimi nikamkata sauti ili nile mbuzi. Pale chini ya mgunga kisanduku kilisema, najua kilisema, ule mlio mdogo wa tik. Ila mpaka leo sielewi Mzee alisikia nini alipoinamisha kichwa. Waya nilizikata mwenyewe.

Funzo langu ni fupi. Kitu kikikusemesha na hukielewi, tafuta anayekielewa kabla hujashika koleo. Na kosa la kazi likiri siku ile ile, kwa sababu mwenzako akikosa maelezo atajitafutia yake, na atajichagulia lililo baya kuliko yote.

Mzee Guled bado yu hai. Macho yamekufa lakini masikio ni mazima. Mwezi uliopita nilimpigia simu kumjulia hali, akanifurahia sana, akaniita mwanangu. Katikati ya maongezi akasema, kawaida tu, kama mtu anayetaja mvua: "Mimi mama yangu alinikataa, fundi. Nitamkuta huko, sijui nitamwambia nini."

Nikamwambia pole tena, nikakata simu.

Keshokutwa napanda basi la Garissa. Wakuu, nyinyi mliowahi kubeba kitu kama hiki, nianzie wapi? Nianze na taa, au nianze na kumwomba radhi? Niandikieni kabla sijafika, nitakuwa nasoma njiani.