Sukari Inayochelewa

Miaka ile maduka binafsi ya dawa yalipoanza kuchipuka Dodoma, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alifungua lake Chang'ombe. Mke wangu alikuwa na kisukari na tayari alikuwa akimeza kidonge cha kuishusha sukari. Shemeji akatuletea kingine kipya cha kuongezea, cha kumeza pamoja na tonge la kwanza.

"Hiki kinauchelewesha ugali tumboni," alinieleza. "Sukari inaingia mwilini polepole, haipandi ghafla."

Nilikipenda kwa sababu nilikielewa. Katika kitabu cha baiolojia nilichonunua mnadani nilisoma jinsi vimeng'enya vinavyovunja wanga kwenye utumbo mwembamba. Kidonge kilivifunga mikono. Gesi ilimsumbua mke wangu, tulicheka, tukazoea.

Mchana mmoja alimeza vyote viwili, kisha hamu ikamwisha, akala matonge mawili tu. Haukupita muda akaanza kutetemeka, jasho likimtiririka, akaniita kana kwamba mimi ni baba yake. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Nilijua la kufanya: chai, na sukari tele. Akanywa. Nikangoja. Nikakoroga kikombe cha pili, kitamu hadi kinanata, akanywa, na bado macho yake hayakunitambua. Mezani palikuwa na zabibu za kutoka Miyuji, ambazo yeye alikatazwa. Nilizikamua kwa vidole, nikamnywesha maji yake kidogo kidogo. Hatimaye akauliza kwa nini kanga yake imelowa.

Kitabu kilinijibu baadaye. Sukari ya dukani ni chembe mbili zilizoshikana, nazo hutenganishwa na vimeng'enya vya aina ileile iliyofungwa na kidonge. Ya zabibu, kama glukosi, imekwisha kutengana.

Nilikwenda dukani kwa shemeji.

"Ulijua chai haitamsaidia?"

"Nilijua. Ndiyo maana glukosi ninayo, ile pale juu."

"Mbona hukusema?"

"Masharti yakizidi mteja anakimbia, shemeji. Halafu wewe si ndiye profesa wetu? Nilidhani umesoma."

Nilikuwa nimesoma ile nusu tu aliyonieleza.

Jumapili alikuja kumjulia hali mgonjwa, mkononi kilo ya sukari, kama ilivyo desturi. Mke wangu aliipokea kwa mikono miwili, akaipeleka ndani, akarudi na kikombe cha chai ya rangi. Shemeji alionja, akakunja uso.

"Mdogo wangu, umesahau sukari."

"Kunywa tu, kaka," alisema. "Itafika. Inachelewa kidogo."