Nilivyomwinua Bwana Walter Peke Yangu

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilipotoka kanisani nikaenda moja kwa moja kazini nikiwa bado na filamu ya jana yake kichwani. Tulikuwa vijana wanne wa Kitanzania, tumepanga nyumba moja Temple Hills, kule Marekani, na kila Jumamosi tulikodi kanda ya video. Ya wiki hiyo ilimhusu askari wa Kimarekani anayembeba begani mwenzake aliyejeruhiwa, huku mkono wa pili ukifyatua bunduki. Anavuka daraja linalowaka moto, maadui mia wanamkosa, na ng'ambo bendera inapepea bila hata doa la masizi. Tulipiga makofi. Bendera haikuwa yetu, lakini tulipiga makofi, na mimi nililala nikijiona nina kifua kipana kuliko nilichoamka nacho.

Kazi yangu ilikuwa kuwaosha, kuwavisha na kuwalisha wakazi wa nyumba moja ya wazee. Kwa watu wa nyumbani Singida niliandika kwamba nafanya kazi hospitalini, nikawaacha waelewe wapendavyo.

Mzee niliyemhudumia zaidi alikuwa Bwana Walter. Ujanani alipigana vita, na sasa alikuwa amebakiza wiki mbili tu ahamie kwa binti yake, katika mji wa Manassas. Chumba kilishaandaliwa. Daktari alitaka jambo moja, kwamba aweze kutembea mwenyewe kutoka kitandani hadi chooni. Mchana ule alijaribu bila kunisubiri, akateleza. Nilimkuta amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, anajicheka.

Utaratibu tuliujua sote. Mzee akianguka humwinui. Unavuta kengele, nesi anamkagua kwanza, kisha watu wawili wanamwinua kwa mkanda anaofungwa kiunoni. Mama Wanjiru, Mkenya wa Nyeri aliyenifundisha kazi ile, alikuwa chumba cha tatu kutoka pale, na kengele ilikuwa usawa wa bega langu. Lakini niliona aibu kuita mtu. Mwanamume mzima, tena mwenye afya, nimwite mama wa watu anisaidie kubeba kizee chembamba namna ile? Nikapitisha mikono kwapani mwake, nikamwinua kwa mkupuo mmoja. Hata hajasimama sawasawa, mguu wake ukapinda na mfupa wa nyonga ukavunjika, nikausikia ukilia.

"Niweke chini, kijana," akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Ita wenzako."

Nikamweka, nikavuta kengele. Mama Wanjiru alifika kabla ya nesi.

"Ulimlift peke yako?"

"Ndiyo, mama."

"Kwani mimi nilikuwa nimeenda wapi?"

Hakupaza sauti. Gari la wagonjwa lilipoondoka alinikalisha niandike ripoti. Niliandika kwamba mzee alianguka, nikaishia hapo. Akasimama nyuma yangu akiisoma, mpaka nikaongeza kwamba nilimwinua peke yangu. Nilipewa barua ya onyo, nayo nilistahili.

Bwana Walter alirudi baada ya mwezi akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Hakutembea tena, na habari za Manassas zikaisha. Nilijichukia, mwanangu, sitakuficha. Nilikwenda kumwomba radhi nikamweleza kila kitu, hadi ile filamu na lile daraja. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa.

"Mimi nilipopigwa risasi nilibebwa na watu wanne," akasema. "Walipokezana. Waliniangusha mara mbili, wakanitukana kwa uzito wangu. Mmoja alilia kwa woga njia nzima. Angejaribu mmoja peke yake, tungekufa wawili."

Kisha akanitajia majina yao, wote wanne, baada ya miaka yote ile.

Alifariki majira ya baridi yaliyofuata, kwenye chumba kile kile. Mimi na Mama Wanjiru ndio tuliomwosha. Yeye alishika miguu, mimi mabega, tukamgeuza polepole, na hakuna aliyeharakisha.

Filamu zitazame, mwanangu. Hata mimi nazitazama bado, na huwa nacheka mahali ambapo wenzangu wanashusha pumzi. Taifa linalojisimulia hivyo lina sababu zake, nami si mtu wa kulifundisha. Ila ujue kwamba yule shujaa akimwangusha mwenzake, wanarudia kupiga picha. Lakini huyo utakayembeba wewe ana nyonga ya kweli, na ana binti anayemngoja. Kwa hiyo kabla hujainama, tazama nani yuko karibu, umwite kwa jina. Ukiona aibu, ita huku ukiona aibu. Haitamvunja mtu.

Mungu akupe nguvu za kutosha, asikupe za kuzidi. Akuzungushie watu wanaoitika upesi. Na siku utakapolala chini wewe, mwanangu, wakukute wawili.