Wajane Wawili wa Mama Mkubwa

Kwa miaka miwili nimemsingizia mama wa steshenari pale Mirongo kwamba ndiye aliyechanganya karatasi. Leo nasema kweli: kosa lilikuwa langu.

Mama mkubwa alifariki nikiwa siku ya nne mfululizo mezani, naandika ripoti ya wafadhili kuhusu samaki (ripoti ambayo hakuna mfadhili wala samaki aliyeisoma), na kwa kuwa mimi ndiye msomi wa ukoo, nikapewa kuandika wasifu wa marehemu, heshima ambayo nisingemwachia mtu. Mdogo wangu Kabula, fundi cherehani wa Kirumba anayelala kila akishakula cha mchana, akaniambia, "Dada, jinyooshe hata saa moja. Macho yako yamekuwa kama ya sato wa juzi."

Nikamjibu kwamba usingizi wa mchana ni wa watu wasiotumia kichwa.

Basi kichwa changu hicho kikafungua wasifu niliomwandikia mzee mmoja wa kanisani mwaka uliotangulia, nikabadilisha jina na tarehe, nikaridhika, nikapeleka steshenari wakanichapia, nikaenda Kisesa kuzika.

Makaburini nikasoma kwa madaha. Niliposema marehemu aliimba sauti ya besi kwenye kwaya, akina mama wakaguna, nikadhani nimewagusa, nikapaza sauti. Nikasema ujanani alikuwa golikipa, na bado sikusikia nilichokuwa nasoma (msomi huyo), mpaka nikatangaza kwamba ameacha wajane wawili.

Baba mkubwa, aliyeishi na marehemu miaka arobaini, akauliza taratibu, "Mwanangu, hao wajane wako wapi tuwape viti?"

Nikasema steshenari wamechanganya karatasi. Ukoo mzima ukaacha kumpelekea yule mama kazi, nami nikanyamaza na shahada yangu.

Juzi nilikwenda kumwomba radhi. Alinitazama kama karatasi iliyokwama kwenye mashine. Nikawaandikia ndugu zangu wote ukweli, na kabla ya jioni baba mkubwa akanipigia simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nilijua tangu siku ile. Sasa sikia, wasifu wangu ataandika Kabula."

"Baba, Kabula hajawahi kuandika hata barua."

"Najua. Lakini huwa analala," akasema, akakata simu.