Madoa ya Wafinyanzi

Siku ile naikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto, mwanangu. Ukungu umelala juu ya mashamba ya Oyugis, harufu ya udongo mbichi imejaa kila mahali, na akina mama wafinyanzi wamekaa chini, wanazungusha vyungu polepole bila hata kuviangalia. Mimi nimesimama katikati yao na karatasi zangu na kikopo cha wino, najiona mtu mkubwa kweli kweli. Yawa! Ujana nao.

Nilikuwa nimetoka Osiri, nilikochimba dhahabu mpaka nyundo ikaniponda kidole gumba. Kovu lenyewe hili hapa, limekikatiza chote. Mwalimu Awino ndiye aliyenipa kazi. Alitaka kiti cha wadi kupitia chama kidogo, ambacho hata ofisi hakikuwa nacho, kwa sababu kinamasi walikochota udongo wale akina mama kilikuwa kimeanza kuzungushiwa seng'enge na vyama vikubwa vimenyamaza. Lakini kanuni ilisema chama kama chake kilete kwanza orodha ya wafuasi. Asiyejua kuandika aweke kidole, na alama isiposomeka, jina linafutwa. Mwalimu akaenda kortini Homa Bay kuipinga. Alisema kanuni hiyo inawafungia watu wadogo nje. Kazi yangu mimi ilikuwa kujaza orodha tu, iwekwe pamoja na kesi.

Basi Dani akaweka kidole. Dani ndivyo tunavyowaita nyanya zetu huku, na huyu alikuwa mkubwa wa wafinyanzi wote. Nikatazama karatasi: doa jeusi, laini, halina mstari hata mmoja. Akajaribu tena, doa. Wenzake wanane pia, doa. Miaka ya kusugua udongo ilikuwa imewafuta vidole.

Ningemwambia Mwalimu tu. Sikumwambia. Niliona haya kumrudishia karatasi mbovu, nikajificha nyuma ya rundo la kuni, nikaandika majina upya kwenye karatasi safi, na penye kila doa nikabandika gumba langu mwenyewe. Mara tisa, mwanangu. Tena napiga mluzi.

Kortini, wakili wa upande wa pili hata hakupaza sauti. Alimwomba jaji atazame wanawake tisa wenye kovu moja. Jaji akatazama, akatazama, kisha akasema orodha ni ya kughushi na kesi akaitupa. Kanuni yenyewe hakuigusa. Jina la Mwalimu Awino halikuingia kwenye karatasi ya kura. Aliniangalia mara moja, akavua miwani yake na kuikunja. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Dani alikuwa ananingoja nje, ziwa linametameta nyuma yake. Nilijua atanifokea. Akachukua mkono wangu, akalipapasa lile kovu taratibu.

"Nyakwara," akasema, yaani mjukuu wangu, "yale madoa yetu uliyapeleka wapi?"

"Niliyachoma, Dani. Hayakusomeka."

"Sasa si hayo ndiyo Mwalimu alitaka kumwonyesha jaji? Kwamba sisi tupo, na karatasi yao haituoni?"

Nilikaa chini pale pale nikalia kama mtoto. Ushahidi wote wa kesi nilikuwa nao mkononi, nikautia kwenye moto kwa mkono wangu. Kinamasi kilizungushiwa chote. Dani alimaliza siku zake akinunua udongo ambao mama yake aliuchota bure. Mpaka leo nikisinzia mchana huwa naviona vile vyungu vikizunguka, na yale madoa.

Nimesikia nawe unazunguka Magunga ukikusanya sahihi za chama chenu kipya, na kwamba mmekwenda kortini kama sisi. Vizuri. Kanuni inayoonea watu ipingwe, tena mbele ya jaji. Ila mtu akiweka doa, wewe peleka doa. Akikataa, andika kwamba amekataa. Usimpambe mtu ili ahesabiwe, maana ukimpamba umeshamfuta, na aliyemfuta si serikali tena, ni wewe.

Haya, lete mkono wako nikubariki. Mungu akulinde njiani, akupe miguu isiyochoka na watu wa kukuamini. Na siku ukiitwa mbele ya jaji, akujalie karatasi zilizojaa madoa, na macho ya kumtazama Dani wako ukitoka.